Safari ya Kuhesabu Meno



Juzi asubuhi, nikiwa ndani ya matatu iliyokuwa ikiteremka kutoka Kangemi kwa Barabara ya Waiyaki kuelekea mjini, niliketi nyuma ya mama mmoja kijana aliyempakata mtoto wa kiume wa umri wa miaka mitatu hivi. Mtoto yule, kwa kuchoka na msongamano wa magari na joto la watu waliobanana, alianza kulia; na mama yake, ambaye kwa kila dalili alikuwa mtu mpole mwenye mapenzi makubwa na mwanawe, akamwinamia akamwambia kwa sauti ya chini, "Ukiendelea kulia tutashuka hapo Westlands nikupeleke kwa daktari wa meno akung'oe yote." Mtoto akanyamaza papo hapo. Abiria wawili watatu wakacheka, makanga akagonga bati, gari likaenda zake, na neno lile likasahauliwa na kila mtu isipokuwa mimi na, nachelea kusema, mtoto mwenyewe.

Neno hilo ndilo lililonileta mbele ya kipaza sauti jioni hii. Maudhui yetu ni namna ya kumtayarisha mtoto mdogo kwa safari yake ya kwanza kwa daktari wa meno, na najua kwamba wengi wenu mnatazamia niwape maagizo ya siku ile yenyewe, ya saa ya kutoka nyumbani na maneno ya kusema mlangoni. Nayo nitayafikia, inshallah. Walakini dai langu ni kwamba matayarisho hayaanzi siku ile, wala usiku wa kuamkia siku ile, bali huanza miezi na pengine miaka kabla yake, katika maneno madogo madogo tunayoyatupa ndani ya matatu, jikoni na kitandani. Na kwamba ile khofu tunayomshangaa mtoto kuwa nayo anapokiona kiti cha daktari, aghalabu ni mbegu tuliyoipanda wenyewe kwa mikono yetu, kwanza kwa kumtishia, kisha kwa kumdanganya.

Tuanze na wakati wa kwenda. Matabibu wa meno ya watoto, hapa kwetu na katika nchi za ng'ambo, wanashauri kwamba mtoto aonwe mara tu jino lake la kwanza linapochomoza, na asivuke mwaka mmoja wa umri bila kuonwa. Jino la kwanza huchomoza kwa kawaida kwenye mwezi wa sita au karibu yake, na kufikia miaka miwili na nusu au mitatu, mtoto huwa amekamilisha meno yake yote 20 ya utoto. Nikiwaambia jirani zangu haya huniuliza: mtoto wa mwaka mmoja, mwenye meno manne mdomoni, aende kwa daktari kufanya nini? Nami huwajibu kwamba aende asifanyiwe jambo kubwa lolote, na hiyo ndiyo faida yenyewe. Mzazi huketi akiwa ameelekeana na daktari, magoti yamegusana. Mtoto humkalia mzazi wake mapajani, uso kwa uso, kisha hulazwa taratibu chali hata kichwa chake kikatua mapajani mwa daktari, huku macho yake yangali yakimwona mama yake juu yake na mikono yake imo ndani ya mikono ya mama. Daktari hutazama kwa dakika chache, na mtoto akilia, basi kinywa chake kimefunguka chenyewe na kila kitu kinaonekana. Kisha huinuliwa, hukumbatiwa, hurudi nyumbani. Mtoto aliyefanyiwa hivyo mara mbili tatu kabla hajajua kutamka jina la daktari, akikua haoni kwamba mahali pale ni mahali pa kuogopwa.

Sisi tunafanya kinyume. Tunangoja. Tunangoja hata jino limetoboka, hata shavu limevimba, hata mtoto amekesha usiku kucha akilia na nyumba nzima imekesha pamoja naye, ndipo asubuhi tunamfunga kitambaa shavuni na kumbeba kumpeleka; na kwa kuwa jino hilo limekwisha kuharibika kiasi cha kutotengenezeka, jambo la kwanza analolijua mtoto katika maisha yake juu ya daktari wa meno ni sindano na koleo, tena siku ambayo hakulala, hakula, na kinywa chake chote kina maumivu. Nani kati yetu watu wazima angependa kujuana na mtu yeyote kwa namna hiyo?

Na udhuru tunaoutoa ni mmoja tu, nao nimeusikia Kangemi na Kawangware, nimeusikia pia Lavington katika nyumba zenye bustani: "Ni meno ya maziwa tu, yataanguka." Kweli yataanguka, lakini magego ya utoto, yale ya kutafunia, huwa hayajaanguka mpaka mtoto afikie miaka 10 au 12, na miaka yote hiyo anatazamiwa ale kwa nini? Kadhalika kila jino la utoto linalinda nafasi ya jino litakalolifuata, na likiondoka kabla ya wakati wake yale ya jirani husogea na kuiziba nafasi, ndipo jino la ukubwani linapokuja likajipenyeza pembeni kama mgeni aliyekosa kiti. Na chini ya jino la utoto lililooza, ndani ya taya, jino jipya lingali linajengwa, na usaha wa lile la juu unaweza kulidhuru hili la chini kabla halijaona jua. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya kinywa, ambao taarifa yake ilitolewa mwaka 2015, ulikuta kwamba takriban mtoto mmoja katika kila wanne hapa Kenya ana meno yaliyooza. Wazee wetu walisema jino la pembe si dawa ya pengo, nao hawakuwa na habari za chupa ya maziwa yaliyotiwa sukari ambayo mtoto wa leo hulala nayo mdomoni usiku kucha, wala za mabuyu mekundu yanayouzwa kwa vijifuko kwenye lango la kila shule, ambayo huacha ulimi na vidole vimetapakaa rangi na sukari ikiganda katika mianya ya meno hata jioni.

Lipo jambo jingine ambalo sina budi kulitaja, japokuwa linanihuzunisha. Wako watoto wachanga ambao mtu wa kwanza kuwatia mkono kinywani hakuwa daktari. Katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki, Uganda, Tanzania na hapa kwetu pia, iko imani kwamba mtoto anayeharisha na kupata homa anaugua kwa sababu ya meno mabaya yaliyojificha ndani ya ufizi, yaitwayo meno ya plastiki au meno ya nailoni; na wako wenye kujidai mafundi ambao huupasua ufizi wa mtoto wa miezi michache kwa waya au kisu kisichosafishwa, wakachokoa kijivimbe cheupe na kumwonyesha mama kwamba ndicho hicho kilichokuwa kikimwua mwanawe. Kile si mdudu wala si plastiki. Ni chipukizi la jino la chonge, jino halisi la mtoto huyo, lililotolewa likiwa bado laini. Mtoto anayeharisha anahitaji maji yenye chumvi na sukari kwa kipimo chake na kupelekwa hospitali. Anayepasuliwa ufizi anaweza kupoteza damu nyingi, kupata pepopunda au maambukizo ya damu, na kuharibikiwa na meno ya ukubwani yaliyokuwa bado hayajaota. Mama aliyekwisha kumzuru daktari wa meno na mtoto wake wa miezi minane, akaonyeshwa kwa kidole mahali chonge litakapotokea na namna ufizi unavyovimba kwa desturi yake, hawi tena mtu wa kutiwa wasiwasi kwa urahisi.

Na kwa wakaao katika mitaa yetu ya magharibi ya jiji na kutumia maji ya visima virefu, nina neno fupi. Maji ya visima vingi vya Nairobi na vya pande za Bonde la Ufa yana floridi kupita kipimo cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani, na watoto wanaoyanywa wakati meno yao ya ukubwani yakijengwa hutokewa na madoa ya kahawia yasiyotoka. Kuchemsha maji hakuiondoi floridi. Nimemwona mama akimsugua mtoto meno kwa majivu hata ufizi ukatoka damu, akimwita mchafu, na mtoto hakuwa na kosa lolote. Daktari angemwambia hayo kwa dakika moja.

Sasa naomba ruhusa niwasimulie kisa changu mwenyewe, maana bila hicho hamtajua kwa nini neno la yule mama katika matatu lilinichoma.

Nilizaliwa na kukulia Majengo, Pumwani, na nilipokuwa na umri wa miaka minane gego langu moja la chini upande wa kushoto lilianza kuniuma. Nililificha kwa muda, kwa sababu nilikuwa nimesikia tangu utotoni kwamba wenye meno mabaya hupelekwa kung'olewa, hata hatimaye shavu likanisaliti. Asubuhi moja ya siku ya Jumamosi mjomba wangu, ambaye alinipenda na ambaye Mungu amrehemu, aliniambia, "Vaa, mpwa wangu, twende mjini tukakununulie viatu vya shule." Nilifurahi kupita kiasi. Tulikwenda kwa miguu tukaingia mjini, tukapita Mtaa wa Biashara ambako madirisha ya maduka yalikuwa yamejaa nguo za shule, nikawa namvuta mkono anionyeshe duka letu ni lipi. Na badala ya duka tukaingia mlango mwembamba wenye ngazi za mbao, tukapanda, na katika kila ngazi nikawa nasikia harufu ya dawa ikizidi. Kwenye ngazi ya mwisho nilifahamu. Nikageuka kukimbia, na mkono wa mjomba ukanidaka ukosi. Akamwambia msaidizi aliyetufungulia mlango, "Mchelea mwana kulia hulia yeye," wakacheka, nikashikwa na watu wawili, na jino likatoka.

Viatu alininunulia kweli, siku hiyo hiyo, nami niliviwekea bughudha nisiyoweza kuieleza. Kila nilipovivaa nilisikia ladha ya damu. Na neno jingine aliloniambia ili kunituliza, "Hilo ni la maziwa tu, litaota jingine," halikutimia, kwa sababu lile lilikuwa gego la kwanza la ukubwani, ambalo huchomoza katika mwaka wa sita, kimya kimya, nyuma ya meno yote ya utoto bila jino lolote kuanguka kulipisha, hata wazazi wengi hulidhani ni la utoto. Mjomba hakulijua hilo, nami simlaumu. Pengo lake lipo hadi leo. Kubwa zaidi ya pengo ni kwamba tangu siku ile sikukanyaga tena kwa daktari wa meno mpaka nilipokuwa baba wa watoto watatu, na katika miaka hiyo nilipoteza magego mengine mawili ambayo yangeweza kuokolewa.

Nimeifikiri sana methali ile aliyoitaja mjomba pale ngazini. Ni methali ya kweli, na sitaki mtu adhani kwamba naibeza. Mzazi asiyethubutu kumwona mwanawe akilia atamnyima dawa, atamnyima malezi, na mwisho wake ni majuto. Lakini kadiri ninavyozidi kuzeeka ndivyo ninavyozidi kuona kwamba siku ile aliyechelea kilio changu alikuwa mjomba mwenyewe. Alichelea nisije nikalia nyumbani, nikalia njiani, nikamwaibisha mbele ya watu wa Mtaa wa Biashara. Ndiyo sababu alinidanganya, ili kilio chote kikae ndani ya chumba kimoja, mikononi mwa mtu mwingine. Lau angaliniambia kweli kitandani usiku wa kuamkia siku ile, ningalilia, bila shaka; na yeye angalikaa nami nikilia; na asubuhi tungalikwenda pamoja.

Wala msiniambie kwamba kuwaambia watoto kweli ni desturi ya kigeni. Wajaluo walikuwa na ada yao ya nak, ambamo kijana alipofikia rika lake aling'olewa meno sita ya mbele ya taya la chini, bila ganzi yoyote, na wengi wetu tumewaona wazee wenye alama hiyo. Wamasai nao waliondoa mawili ya katikati. Sisifu ada hizo wala sitaki zirudi. Nataka mzingatie jambo moja tu: kijana yule wa Kijaluo hakuambiwa kwamba anapelekwa kununuliwa viatu. Alijua siku, alijua ni meno gani, alimjua mtu atakayeyatoa, aliwaona kaka zake wakipitia njia ile ile wakarudi wakiwa hai na wenye heshima, na wazee walikuwa wamemwandaa kwa maneno. Ushujaa wake ulitokana na kujua. Sisi tunamtaka mtoto wa miaka mitatu awe shujaa katika giza.

Mwaka 1959 daktari mmoja wa Marekani, Addelston, aliandika juu ya njia ambayo hadi leo hufundishwa kila wanakofundishwa matabibu wa meno, pamoja na hapa Chuo Kikuu cha Nairobi, ambako mafunzo hayo yalianza mwaka 1974. Njia yenyewe ni nyepesi kuitaja: mwambie mtoto utakalofanya, kwa maneno ya umri wake, mwonyeshe kwa macho na kwa kidole chake, kisha tenda lile lile ulilosema, usizidishe. Uzito wote uko katika neno la mwisho. Daktari aliyesema atahesabu meno, akahesabu meno, amejenga. Aliyesema atahesabu akatoa sindano mfukoni amebomoa kazi yake na ya wenzake wote watakaomfuata. Na mzazi nyumbani vivyo hivyo.

Basi mtu afanye nini nyumbani? Kwanza aliondoe jina la daktari katika orodha ya vitisho, pamoja na polisi na mwendawazimu wa njia panda, na awaombe shangazi, wajomba na mfanyakazi wa nyumbani waliondoe pia, kwa kuwa mtoto hulelewa kwa midomo mingi. Kisha auzoeze mdomo wa mtoto kufunguliwa. Kila jioni, baada ya kumpiga mswaki kwa dawa isiyozidi ukubwa wa punje ya mchele kwa aliye chini ya miaka mitatu, na ya njegere kwa aliyevuka hapo, amlaze kichwa mapajani mwake na ahesabu meno kwa sauti, moja, mbili, tatu, akigusa kila jino kwa ncha ya kidole. Hii ni kazi ya dakika moja. Ila baada ya mwezi mtoto huwa na yakini kwamba kulala chali na kufungua kinywa mbele ya mtu anayekutazama ni jambo la salama.

Mswaki wenyewe, kabla ya huu wa dukani, ulikuwa kijiti cha mti. Wauzao vijiti hivyo karibu na Msikiti wa Jamia, katikati ya jiji, bado wanavifunga kwa mafungu kama nilivyoviona nikiwa mtoto, na nyanya yangu alikuwa akinipa kijiti nitafune ncha yake huku yeye akitumia chake, tumeketi barazani tukitazamana. Hakunifundisha kwa maneno hata siku moja. Mzazi apigaye mswaki faraghani, mlango umefungwa, amekosa fursa hiyo.

Kuhusu maneno ya kusema, nashauri yawe machache na ya kweli. "Kesho tutakwenda kwa daktari ahesabu meno yako. Ana kioo kidogo chenye mpini, na taa kubwa, na kiti kinachopanda na kushuka." Yatosha. Usimtajie sindano wala koleo, kwa sababu hujui kama vitatumika, na kumtajia mtoto neno la kutisha kwa kulikanusha ni kumtajia tu. Mtoto husahau lile "hapana" akabaki na "sindano". Walakini akikuuliza mwenyewe, akikutazama machoni, "Nitaumia?", usimwapie kwamba hataumia. Mwambie hujui, lakini daktari atamwambia kabla ya kugusa, na akitaka apumzishwe ainue mkono. Kisha mwambie daktari, kwa faragha, kwamba umemwahidi hivyo. Na kama tayari jino linauma na kazi ya kufanywa ni kubwa, mwambie hilo pia, kwa ufupi, usiku wa kuamkia siku yenyewe, ukiwa na nafasi ya kukaa naye akilia.

Nenda asubuhi, akiwa amelala vya kutosha na ameshiba. Usimhonge kwa peremende, maana hongo humfahamisha mtoto kwamba liko baya la kulipiwa, mbali na kuwa ni peremende. Na wewe mwenyewe, kama una khofu ya kiti kile, kama niliyokuwa nayo mimi, mtume mwingine ampeleke. Mtoto husoma wajihi wako kuliko anavyosikia maneno yako.

Mwezi uliopita nilimpeleka mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu akaaye Kawangware, aliyetimiza miaka mitatu. Kwa kweli alipaswa kupelekwa miaka miwili kabla, lakini binti yangu alikuwa akipoteza ujira wa siku kila alipofikiria kwenda kupanga foleni, na hilo si jambo la kulipuuza. Ni mzigo ambao wenye gari na bima hawaujui. Tulipanda namba 46 tukapita Yaya hadi Hurlingham. Njiani aliniimbia hesabu yake, ambayo wakati huo ilikuwa ikiruka kutoka kumi na mbili hadi kumi na tano.

Daktari alikuwa msichana kijana. Alichuchumaa mpaka macho yake yakalingana na ya mtoto, akamwuliza, "Habari yako, mrembo? Umekuja na nani?" Mtoto akajibu, "Na babu," akajificha nyuma ya suruali yangu. Daktari hakumvuta. Akampa kile kioo akishike, akamwachia ajitazame ulimi, akampulizia hewa ya mrija kwenye kiganja kwanza kabla ya kwingine kokote, na mtoto akacheka kwa mtekenyo. Mambo yakaenda vyema mpaka kiti kilipoanza kulala. Hapo alipiga ukelele, akalia kwa uchungu, na mimi, pamoja na hekima yote niliyowamwagieni jioni hii, nilisikia viganja vyangu vikilowa jasho. Daktari akakirudisha kiti wima. Akaniomba nipande mimi nilale, na mtoto alale juu ya kifua changu. Hivyo ndivyo meno yake yalivyohesabiwa, yote 20, akiwa bado ana kwikwi, na mkono wake umenishika sikio. Gego moja la juu lilikuwa na baka jeupe karibu na ufizi, dalili ya mwanzo kabisa ya kuoza, jambo ambalo jicho langu lisingeliona hata kwa mwaka mzima. Daktari akalipaka dawa ya floridi kwa brashi ndogo, akatuambia chupa ya usiku iachwe tangu siku hiyo. Hapakuwa na kuchimba, wala ganzi, wala koleo. Turudi baada ya miezi mitatu.

Katika matatu ya kurudi aliniambia nifungue mdomo. Nikafungua, mbele ya abiria wote. Akatia kidole chake chenye harufu ya ile dawa, akahesabu kwa uzito ule ule wa daktari, na alipofika kushoto chini akasimama.

"Babu, hapa hapana. Limekwenda wapi?"

Nikamweleza. Nilimweleza habari za Mtaa wa Biashara, na ngazi za mbao, na mkono wa mjomba wangu, na viatu. Alisikiliza mpaka tukavuka Yaya, kisha akaniuliza vilikuwa rangi gani.

Vyeusi, nikamwambia. Vya kamba.